Kanzu Tano za Bi Rukia

Siku ya kuniaga, Mbodze alileta soda na mahamri, Said akaazima viti kwa jirani, na nyote mkanitazama mimi. Fundi Mwadime akasema, "Pendo atatuambia neno." Nikasimama. Nikasema asante. Nikaketi. Said alipiga makofi kana kwamba nimehutubia uwanja mzima, mkacheka, nami nikacheka. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Maneno yangu huja baadaye nikiwa peke yangu, tena huja polepole. Basi nayaandika. Niliishia darasa la nane, na kalamu yangu huenda kama sindano ya mkono, tundu moja kisha jingine. Mtanivumilia.

Najua mstaafu huwa na mvi na fimbo. Mimi sijafika hata miaka thelathini. Lakini daktari alinisikiliza mgongoni kwa kile kifaa chao, akasema vumbi la vitambaa limeingia kifuani na halitaki kutoka, nichague baina ya cherehani na pumzi. Nimechagua pumzi. Wiki ijayo naanza kumwagilia maua kwenye hoteli moja kule Shanzu. Maua hayatoi nyuzi, wala hayaulizi yatakuwa tayari lini.

Nawaandikia nyinyi wawili, Said na Mbodze, mnaobaki na Fundi. Yeye mwenyewe hatawaambia haya. Mnamjua, ukianza kumsifu huinama kutafuta pini iliyoanguka, hata kama hakuna pini. Na kuna jambo nililoliona kwenye cherehani ya Said juzijuzi, ambalo nitalifikia mwishoni. Said, usirukie mwisho.

Mama ndiye aliyenileta dukani. Fundi Mwadime alikuwa mshirika mwenzake kanisani, Mtaita mrefu, mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi mweusi, na miwani hiyo ndiyo hii hii mnayoiona. Mama aliniambia nimsalimie. Nikainama nikasema "Shikamoo" nikiiangalia sakafu.

"Marahaba," akajibu Fundi. "Na sakafu nayo imeitikia."

Hakuuliza kama najua kushona. Aliuliza kama naweza kukaa mahali pamoja. Mama akanijibia, "Huyu? Hata ukimsahau hapa ukafunga duka, kesho utamkuta alipo."

Kwa majuma mengi sikushika kitambaa. Alinikalisha kwenye cherehani isiyo na uzi, akanipa karatasi za daftari zenye mistari, akaniambia nishone juu ya mistari. Karatasi haina huruma. Kitambaa ukikosea unafumua na hakuna ajuaye, lakini karatasi inabaki na matundu yako inakuonyesha. Nilijaza daftari zima. Siku sindano ilipofuata mstari kutoka ukingo hadi ukingo, Fundi aliitazama karatasi kwenye mwanga, akairudisha, akanipa nyingine. Nilijua hapo kwamba nimesifiwa.

Mengine aliyonifundisha mnayajua, lakini nayarudia kwa sababu mnayasahau. Kitambaa cha pamba kiloweshwe kwanza, kikauke, ndipo kikatwe. Usipofanya hivyo mteja atakivaa mara moja, na baada ya kukifua atampa mwanawe. Chaki ipigwe upande wa ndani. Pasi ya makaa ipepewe nje, kamwe si juu ya nguo nyeupe, hata kama mvua inanyesha. Cherehani ipakwe mafuta kila Jumatatu, ishone kwanza kitambaa kibovu ndipo ipewe cha mtu. Mbodze, ni kila Jumatatu, si ile unayoikumbuka tu.

Kila asubuhi kabla ya kushona, Fundi huweka kiganja juu ya kichwa cha cherehani, hufumba macho, na midomo yake hucheza kidogo. Mwanzoni nilidhani anaomba mashine isiharibike. Labda ndivyo. Zaidi ya hapo, dukani hakuna dalili ya dini. Mafundi wengine Wakristo wa Kisauni wameandika majina ya utukufu juu ya milango yao, na redio zao huhubiri kutwa. Duka letu halina jina. Watu husema tu "kwa Mwadime."

Jambo hilo lilinisumbua. Kanisani tulifundishwa kwamba mwamini ni taa, na taa haifichwi. Waliosimama kushuhudia walipigiwa vigelegele. Mimi nilikuwa siwezi hata kusoma tangazo mbele ya watu, na niliona kwamba Mungu hana kazi na mtu kama mimi. Nilimwona Fundi akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, hashuhudii, haombi kwa sauti, nikawaza labda naye ni mwenye haya tu, tena haya yake imezeeka.

Kisha yakaja majoho ya kwaya. Fundi aliyashona yote, mimi nikipindia chini. Siku ya kuyaweka wakfu, mchungaji aliwashukuru waliotoa vitambaa, akamshukuru aliyetoa vifungo, akamshukuru hata dereva aliyeyaleta kanisani. Fundi hakutajwa. Njiani nilikasirika kiasi kwamba nilifungua mdomo mwenyewe bila kuulizwa.

"Fundi, hawakukutaja."

"Wewe ulikaa mbele," akasema. "Mabega yalikaa vipi?"

"Yalikaa vizuri."

"Ya yule mnene wa sauti nzito?"

"Pia."

"Basi," akasema, na akatembea hadi nyumbani kama mtu aliyetoka kuvalishwa nishani.

Sasa niseme juu ya Fundi Athmani, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mbao. Hakuna anayemfikia kwa kutarizi shingo ya kanzu. Mikono yake ni ya kweli kabisa. Ulimi wake ndio ulio na shughuli nyingine. Mnajua ugonjwa wa mafundi wote wa nguo: kesho. Njoo kesho. Kesho ikifika, njoo kesho. Fundi Athmani ndiye mfalme wa kesho Kisauni nzima. Akimwona mteja anakata kona pale kwa muuza mkaa, huchomoa kitambaa chake upesi, hukata kipande cha mkono wa nguo, hukitia chini ya sindano, na mteja akifika humkuta anakanyaga.

"Wallahi mama, ndiyo naimalizia. Tazama mkono huo."

Mama hutazama mkono, hurudi nyumbani ameridhika, na mkono nao hurudi mfukoni. Karibu na Idd, kwa kuwa kanzu zote ni nyeupe, hahangaiki hata kukata upya. Mkono mmoja huwaridhisha wateja wote wa asubuhi.

"Mwadime," alikuwa akisema kupitia ukutani, "mteja hataki nguo. Ataka matumaini. Mimi nampa kila siku. Wewe wampa nguo mara moja, yamekwisha."

"Na Idd ikifika watavaa matumaini?"

"Wako yanaowakaa vizuri sana."

Fundi Mwadime hana kesho. Akikuambia Jumanne, ni Jumanne. Kama hawezi, anasema "siwezi," na humwelekeza mteja kwa fundi mwingine. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akifunga kupokea kazi mapema, wakati mafundi wenzake ndiyo kwanza wanapokea. Na chupa yake ya chai huadimika mwezi ule wote. Hakuna aliyemwomba afiche chai yake. Fundi Athmani alimtania mbele ya wateja, "Mwadime, midomo yako imekauka kuliko yangu. Umebakisha kusilimu tu."

"Na wewe umebakisha kufunga tu," akajibu Fundi, na watu wakacheka hadi Athmani mwenyewe akashika mbavu.

Msidhani walikuwa wakigombana. Mwaka mmoja Athmani alilala na homa, na kazi zake zikabaki zimekatwa. Fundi alizishona jioni jioni, akazitundika dukani kwa Athmani, wateja wakachukua wakidhani ni kazi ya mwenyewe. Alipopona, Athmani alizitazama nguo chache zilizosalia, akanivuta pembeni. "Wewe bubu," maana hilo ndilo jina alilonipa, "huu ni mshono wa Mwadime, naujua hata gizani. Usimwambie kama najua. Ataona haya, na mimi nitaona haya zaidi."

Shida yangu ilikuwa wateja. Kushona nilikuwa nimejua, lakini mtu akisimama mbele yangu akasema, "Binti, hii nitaipata Ijumaa, eh?" nilinyamaza, na kunyamaza kwangu akakuhesabu ni ndiyo. Fundi ilibidi atoke kumkimbilia mtu barabarani kumwambia siyo. Hakunigombeza. Siku moja tu aliniambia, "Pendo, ukinyamaza, mwenzako anaondoka na uongo ambao hukuusema." Nilijaribu. Mteja mwingine akaja, nikaishia kuitazama sakafu.

Mambo yalikuwa hivyo mwaka Bi Rukia alipokuja.

Bi Rukia ni mjane wa Mishomoroni, na alikuwa akilea wajukuu watano, wote wavulana. Alifika katikati ya Ramadhani, sisi tumekwisha kufunga kupokea. Alikuwa na furushi la kitambaa cheupe chini ya buibui.

"Fundi, mwaka jana niliambiwa kesho hadi siku ya Idd," akasema. Simtaji fundi aliyemwambia. "Wanne walikwenda kuswali na nguo kuukuu, hawakujali. Huyu wa mwisho, Bakari, alijificha nyuma ya mlango. Idd nzima. Hata chakula nilimpelekea pale pale mlangoni. Mwaka huu anauliza kila siku kama ana kanzu."

Fundi aliweka mkasi chini. "Bi Rukia, siwezi. Nimejaa."

Niliona uso wake ukishuka, lakini hakubishana. Alikunja kitambaa. "Sikulaumu. Angalau wewe umenambia." Akashika njia.

Alikuwa amefika kwa muuza mkaa Fundi alipomwita. Alimpima kila mvulana kwa maneno ya bibi yake, huyu ananifika hapa, huyu hapa, huyu mwembamba mabega. Kisha akaitazama kalenda ya ukutani, ile inayotolewa na duka la vifaa, akahesabu kwa kidole. Nafasi aliiona mwisho kabisa.

"Ramadhani thelathini, baada ya alasiri," akasema. "Uje uchukue."

Bi Rukia alimtazama kidogo kama anayetaka kusema jambo, kisha akasema, "Inshallah," akaenda.

Hapo ndipo Fundi alipokosea, na ni kosa ambalo fundi Mwislamu hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Miaka yote alikuwa anamaliza kazi za Idd siku kadhaa kabla, kwa hiyo hakuwahi kujali mfungo una siku ngapi. Kalenda iliandika thelathini, naye akashika thelathini. Lakini mwezi hausomi kalenda. Ukiandama jioni ya ishirini na tisa, Ramadhani imekwisha na asubuhi ni Idd.

Jioni ya ishirini na tisa tulikuwa tunajiandaa kufunga. Kanzu mbili za Bi Rukia zilikuwa tayari, tatu zimekatwa tu, kazi ya siku inayofuata. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mara tukasikia watoto barabarani, "Mwezi! Mwezi umeandama!" kisha kipaza sauti cha msikiti, kisha ngumi za Athmani kwenye mbao.

"Mwadime! Kesho Idd!"

Fundi alisimama na kufuli mkononi. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu niliona njia.

"Fundi, wewe ulimwambia Ramadhani thelathini," nikasema. "Mwaka huu hakuna thelathini. Hukuvunja neno."

Alinitazama juu ya miwani. "Bi Rukia hakuagiza thelathini," akasema. "Aliagiza Idd."

Akaweka kufuli mezani, akavua viatu, akaketi kwenye cherehani. Halafu akaniambia jambo ambalo ningependa zaidi kuambiwa nipande mnazi.

"Simama mlangoni. Watakuja watu na kazi. Asiingie mtu. Nikiinua kichwa, kuna mtoto atabaki nyuma ya mlango."

"Mimi, Fundi?"

"Mimi miguu yangu yote miwili ina kazi."

"Niwaambie nini?"

"Waambie kweli. Ni fupi, utaikumbuka."

Wakaja. Mnajua jioni ya mwezi kuandama ilivyo barabara yetu, watu wote wako nje, kila mmoja amekumbuka kifungo. Waliokata tamaa kwa Athmani waliona taa yetu na wakahama mlango. Wa kwanza alikuwa mama mwenye gauni la binti lililokatika zipu. Nilisema haiwezekani, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Ati wasemaje?"

"Haiwezekani, mama."

"Zipu tu!"

"Haiwezekani."

Kijana mmoja mwenye suruali begani akapaza sauti, "Jamani tazameni, leo bubu amekabidhiwa mlango!" Wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Nyuma yangu cherehani haikusimama. Nilisikiliza mlio ule, na nilijua kila ukisimama ni kwa sababu amegeuza kitambaa tu, wala si kwa sababu ameinua kichwa. Niliwaza, akiniamini kiasi cha kutogeuka, siwezi kumwaibisha. Nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

Wakaongezeka. Wengine walibembeleza, wengine walinisukuma kwa maneno. Kisha wakapisha, kwa kuwa alikuja Mzee Mbarak. Huyu ni mfanyabiashara wa viazi pale Kongowea, malori yanamsubiri yeye, na msikitini hukaa safu ya mbele. Alikuwa ameshika kanzu mpya nzuri sana, ndefu kupita kiasi.

"Binti, ni upindo tu," akasema kwa upole. "Hata nusu saa haifiki."

Na ilikuwa kweli. Upindo ni upindo. Upole wake ndio ulionitisha kuliko kelele za wengine. Nilijua nikimruhusu huyu, sina namna ya kumzuia yule mama wa zipu, na nyuma ya zipu kuna suruali.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba."

"Haiwezekani, mzee. Fundi ametoa neno kwa mtu."

"Kwa nani?"

"Kwa Bi Rukia wa Mishomoroni. Wajukuu wake watano. Bado kanzu tatu."

Mzee Mbarak alitazama juu ya kichwa changu, akamwona Fundi ameinama, shingo imelowa jasho, hajui nani yuko mlangoni.

"Mwadime amesema hawezi?"

"Amesema hawezi."

"Basi hawezi." Akaikunja kanzu yake kwapani, akawageukia wengine. "Jamani, mwamjua huyu. Twendeni zetu, tusimpotezee mama wa watu kanzu."

Yule kijana wa suruali akanung'unika, "Kwani yeye ni nani hasa?"

"Ni Mwadime," akajibu mama wa zipu. "Tembea."

Wakaondoka. Sijui kama mnaelewa nilichokiona. Hakuna aliyempigia makofi, hakuna aliyesema ni mtu wa Mungu. Waliondoka tu, mkesha wa Idd, na kazi zao mikononi, bila ugomvi, kwa sababu ya miaka yote ambayo mtu mmoja alisema Jumanne ikawa Jumanne. Nimewaona wahubiri wakijaza uwanja kwa vipaza sauti. Sijamwona mwingine aliyeweza kuuondoa umati mlangoni bila kuinua kichwa. Nilisimama pale bado nimeshika miimo, na kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba labda Mungu ana kazi hata na watu wasiojua kuhutubia.

Haikupita muda mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Fundi Athmani kwa kunyata, akaketi chini ya kanzu zilizotundikwa.

"Nifiche," akasema. "Wataniua. Leta vifungo nishone, nisiwe nimekaa bure."

Alishona vifungo vya kanzu moja, safi kabisa, huku tukiwasikia wateja wake wakigonga meza upande wa pili. Fundi akasema bila kugeuka, "Athmani, rudi kwako."

"Niwaambie nini?"

"Muulize Pendo. Amehitimu leo."

Athmani alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni. "Bubu, wasemaje?"

"Nasema inayowezekana," nikamwambia, "na isiyowezekana."

Akashusha pumzi, akaondoka. Tukamsikia ukutani: "Jamani, nisikilizeni. Hizi nne zitakuwa tayari. Hizo nyingine, wallahi, hazitakuwa." Kwanza matusi ya kila namna. Kisha mtu akacheka, wengine wakacheka, na meza ikaacha kugongwa. Begani kwa Fundi niliona kitu kama kicheko, lakini mguu haukusimama.

Kazi iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Kulipopambazuka kanzu zote tano zilikuwa zimepigwa pasi. Tulizibeba zikiwa bado na moto, mbili mimi na tatu Fundi, tukashika njia ya Mishomoroni. Barabara ilinukia udi na vitumbua. Fundi alitembea haraka bila kusema. Nilijua anachokiogopa, maana nami nilikiogopa: kwamba tutafika tukute wamekata tamaa, wamevaa kuukuu wamekwenda, na mmoja yuko nyuma ya mlango.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye benchi, walikuwa wamekaa wavulana watano kwa kufuatana urefu, wameoga, nywele mbichi, kila mmoja amefungwa leso ya bibi yake kutoka kifuani hadi magotini. Hakuna hata mmoja aliyevaa nguo. Hakukuwa na nguo kuukuu iliyowekwa pembeni, hata kwa tahadhari tu. Walikuwa wamekaa wanangoja.

"Karibu," akasema Bi Rukia, kana kwamba tumechelewa kidogo tu kwa chai.

Fundi alisimama mlangoni na kanzu mikononi. "Bi Rukia, nilikosea siku. Na jana hukuja kuuliza."

"Nije nifanye nini, nikupotezee wakati?" akasema. "Kama ungekuwa huwezi, ungetuma mtu kunambia. Mtu hakuja. Basi nikawaosha."

Wavulana wakavaa. Bakari alivaa wa mwisho kwa sababu kwa haraka aliingiza kichwa penye mkono. Fundi alipiga magoti mbele yake, akamvuta shingo, akamgeuza.

"Mabega yamekaa vipi?"

Bakari aliyainua, akayashusha, akafikiri. "Yapo," akasema, na akatoka mbio. Alirudi mara moja, kuchukua viatu.

Tukiwa njiani kurudi tulikutana na watu wanakwenda kuswali, nao walimwambia Fundi "Idd njema," naye akaitikia kila mmoja. Fundi Athmani alipita akiwa amevaa kanzu ya zamani isiyo na kifungo cha juu, maana kanzu yake mpya hakuwahi kuimaliza. "Usicheke, bubu," akaniambia. Hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kuniita hivyo. Tangu siku hiyo aliniita kwa jina.

Kanisani hakuna aliyewahi kuisikia habari hii, na Fundi hajaitaja tena. Ile sinia ya biriani inayokuja dukani kila Idd, ambayo Mbodze huipunguza kabla haijafika mezani, ndiyo hiyo. Hutoka kwa Bi Rukia. Sasa mmejua.

Nami nimefika mwisho niliouahidi. Said, wiki iliyopita mama mmoja alipokata kona kwa muuza mkaa, nilikuona. Ulikichomoa kitambaa chake cha maua, ukakata mkono, ukautia chini ya sindano ukaanza kukanyaga. Najua umejifunza wapi, ukuta ni mwembamba, na mwalimu wako bado hurudia ugonjwa wake mara moja moja. Mama alirudi nyumbani ameridhika. Fundi aliona pia. Alivua miwani akaifuta, kana kwamba kosa ni la miwani.

Sikukemei. Najua ni nini kilichokusukuma, ni hofu ya kusema siwezi, ile ile iliyokuwa ikininyamazisha mimi. Ule mkono nimeutoa chini ya sindano, nimeurudisha mfukoni pamoja na kitambaa chake. Mama mwenyewe anarudi Alhamisi. Atasimama mlangoni, na utatamani kusema kesho, najua. Mwambie kweli. Ni fupi, utaikumbuka.